Miguu Juu ya Kiti: Yoga ya Kupumzika kwa Anayeanza

Mama anayeuza sokoni anatoka Kamalondo, hapa Lubumbashi, alfajiri na beseni kichwani. Kutwa nzima anasimama, au anakaa kwenye kigoda kisicho na egemeo. Jioni anarudi, anawasha mbabula ya makaa, anasonga bukari, anaogesha watoto. Anapofika kitandani mabega yake bado yamepanda na taya limekaza, na asubuhi anaamka na uchovu uleule aliolala nao. Ni hivyohivyo kwa dereva wa teksi anayeshinda kwenye usukani, kwa mlinzi wa usiku, kwa kijana anayerudi kutoka machimboni mwisho wa wiki huku kiuno kinamuuma. Watu hawa wanalala, lakini hawapumziki. Miili yao imezoea kujikaza hata pasipo na mzigo, na mazoea hayo hayaondoki kwa kulala tu.

Kuna yoga inayowafaa, nayo hufanywa mtu akiwa amelala au ameegemea, polepole, dakika nyingi katika mkao mmoja. Inaweza kuanzwa leo katika chumba kimoja, ndani ya lupango lenye familia nne, bila kununua kitu.

Najua picha inayomjia mtu wa hapa akisikia yoga. Ameona kwenye simu msichana mwembamba aliyejipinda, mguu uko nyuma ya shingo, chini yake mkeka wa bei ghali. Ameona pia ile ya jasho, ya kupanda na kushuka bila kupumzika, kama inayofundishwa na Africa Yoga Project ya Nairobi, shirika lililoanza mwaka 2007 na kufanya vijana wengi wa mitaa ya kule kuwa walimu. Kazi hiyo ni njema na naiheshimu. Ila mtu aliyebeba bidoni za maji za lita 20 tangu kisimani hadi nyumbani hajakosa mazoezi. Alichokosa ni upande wa pili wa mazoezi, na hapo ndipo ningetaka aanzie.

Mtindo huu wa kuegemea una historia yake. B.K.S. Iyengar alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, na alikuwa mtoto wa maradhi: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Mwili huo dhaifu ndio uliompeleka kwenye yoga. Baadaye, alipokuwa akifundisha mjini Pune, alianza kuweka blanketi, viti, mikanda na vipande vya mbao chini ya miili ya wanafunzi wake, ili mgonjwa na mzee wafike kwenye mkao ambao wasingeufikia kwa nguvu zao. Mwanafunzi wake mmoja, Mmarekani Judith Hanson Lasater, ambaye kwa taaluma alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, alichukua wazo hilo na kulipeleka mbali zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1995 kinahusu kupumzika tu, na ndicho kilichoutangaza mtindo huu katika nchi nyingi. Iyengar alifariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 95.

Kanuni aliyoiacha ni hii: kila sehemu ya mwili inayoning'inia hewani, iwekewe kitu chini yake. Goti lisilofika sakafuni linashikiliwa na misuli, na msuli unaoshikilia haupumziki. Weka kikwembe kilichokunjwa chini ya goti hilo, msuli utaachia wenyewe baada ya dakika chache. Ukiielewa kanuni hii, mikao yote unaweza kujitengenezea.

Anza na vifaa. Kiti cha mbao au cha plastiki kisichoyumba. Blanketi mbili. Vikwembe vitatu au vinne, vya zamani, kwa sababu vilivyofuliwa mara nyingi ni laini na havitelezi. Mto wa kitandani. Soksi. Mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25 uliobaki nusu, ufungwe vizuri mdomoni na kufunikwa kwa kitambaa. Huo unafaa kuliko mito mingi inayouzwa kwa ajili ya yoga, kwa kuwa unga unafuata umbo la mgongo na hausukumi. Mwisho, pakiti ya mchele ya kilo moja. Matumizi yake utayaona.

Mkao wa kwanza ndio ninaousisitiza kuliko yote, na kama utaufanya huo peke yake mwezi mzima, umefanya vya kutosha. Ni wa kulala chali, miguu juu ya kiti.

Tandika blanketi sakafuni, liwe nene, kwa maana sementi ya Lubumbashi ni baridi hata wakati wa joto. Weka kiti mwisho wa blanketi, ukiegemeze kwenye ukuta kisirudi nyuma. Usilale moja kwa moja. Kaa kwanza kwa ubavu, nyonga ikigusa miguu ya kiti, kisha jiviringishe taratibu hadi mgongo uguse chini, na upandishe miguu mmoja mmoja. Mashavu ya miguu yote mawili yawe juu ya kiti, tangu nyuma ya goti hadi kisigino. Kiti kikiwa kirefu mno kwako utaona kiuno kinanyanyuka; hapo ongeza blanketi chini ya nyonga, au tumia sanduku la chini zaidi. Kikiwa na ukingo mkali, uvike kikwembe.

Sasa kichwa. Watu wengi wanakisahau, na hapo ndipo mkao mzima unapoharibika. Kunja kikwembe mara nne, kiweke chini ya kichwa na shingo, lakini kisifike mabegani. Kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani. Kidevu kikiwa juu na koo limenyooka, akili inabaki macho. Mikono iwe pembeni, viganja vikitazama juu, mbali kidogo na mwili ili kwapa zipate hewa. Funika macho kwa kitambaa chepesi. Funika na mwili, kwa sababu mtu akitulia anapoa upesi.

Kaa hivyo dakika tano siku ya kwanza. Siku zinazofuata ongeza hadi kumi, hatimaye kumi na tano. Tega simu ikuamshe kwa mlio mdogo, usiwe na kazi ya kuhesabu.

Dakika mbili au tatu za mwanzo ni ngumu. Mawazo yanakuja mbio: deni la duka, ada ya shule, maneno aliyosema shemeji. Mguu unataka kujikuna, mkono unataka simu. Wengi huinuka hapo wakisema haiwafai. Nakuomba uvumilie hadi dakika ya tano kabla ya kutoa hukumu. Mara nyingi kitu cha kwanza kuachia ni tumbo. Utasikia linaguruma, na pumzi moja ndefu itakuja yenyewe bila kuitwa.

Kinachotokea ndani kinaeleweka vizuri. Moyo, pumzi na tumbo vinaendeshwa na mishipa ya fahamu ya aina mbili. Moja huuandaa mwili kukimbia au kupigana, nyingine huuambia usage chakula, ujitengeneze, ulale. Ukilala chali na kuinua miguu, damu iliyokuwa imejikusanya kwenye mashavu ya miguu na vifundo inarudi kirahisi kuelekea moyoni. Vipimo vya asili vilivyo katika mishipa mikubwa ya shingo na ya karibu na moyo vinahisi kwamba damu inatosha, na ubongo unaupunguzia moyo mwendo. Na kwa kuwa damu imeondoka miguuni, mama aliyesimama kutwa anaona hata viatu vyake vinamtosha tena: uvimbe wa jioni umepungua.

Pumzi inasaidia kazi hiyohiyo. Ukivuta hewa, moyo huenda mbio kidogo, ukiitoa, hupunguza. Anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyovuta anaupa moyo nafasi zaidi ya kupunguza mwendo. Chukua ile pakiti ya mchele, uiweke juu ya tumbo, chini kidogo ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne, pakiti ipande. Toa kwa pua ukihesabu hadi sita, pakiti ishuke. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20. Kama nne na sita ni ndefu mno kwako, anza na tatu na nne. Usishindane na pumzi. Ukihisi kukosa hewa, acha kuhesabu, pumua unavyojua. Fanya hivyo kwa dakika mbili au tatu tu, kisha ondoa pakiti na uache mwili upumue wenyewe.

Mikao mingine miwili inatosha kwa anayeanza.

Wa kufungua kifua unawafaa wanaoinama kazini: mshonaji, fundi, mwanafunzi, kila anayeshinda kwenye simu. Laza ule mfuko wa unga sakafuni kwa urefu, kaa mbele yake, ulale juu yake hivi kwamba mgongo na kichwa viwe juu ya mfuko, makalio chini. Kichwa kiwe juu kuliko kifua, ongeza mto. Kutanisha nyayo, magoti yafunguke kila moja upande wake, na chini ya kila goti weka blanketi au kikwembe. Ukisikia kiuno kinabanwa, mfuko uko juu mno. Punguza unga, au utumie mto peke yake. Dakika tano hadi kumi.

Wa kuinamia mbele ni wa jioni ambayo kichwa kimejaa. Kaa kwenye kiti mbele ya meza au kitanda, weka mto, kunja mikono juu yake, ulaze paji la uso juu ya mikono. Katikati ya muda geuza shavu. Basi. Mzee asiyeweza kushuka sakafuni anaweza kufanya huu pekee, na ataona faida.

Muda unaofaa zaidi Kamalondo ni alfajiri, kabla lupango halijaamka, au usiku watoto wakishalala. Baada ya bukari ngoja saa mbili au zaidi, maana tumbo lililojaa haliruhusu pumzi kushuka. Utulivu kamili usiutafute hapa. Kamalondo ni komini ndogo kuliko zote za Lubumbashi, ilianza enzi za ukoloni kwa jina la Albert, na tangu zamani ni mahali pa muziki na baa. Jirani ana redio, kanisa lina vipaza sauti, na siku TP Mazembe inapocheza kwenye uwanja wake, uliofunguliwa hapahapa Kamalondo mwaka 2011, goli moja linatikisa mabati ya mtaa mzima. Ushauri wangu ni kutopigana na kelele. Isikie, itambue, urudi kwenye uzito wa visigino juu ya kiti. Anayejifunza kutulia katikati ya kelele anaweza kutulia popote. Siku ya mechi kubwa, hata hivyo, nenda tu ukashangilie. Utalala chali kesho.

Sasa jambo la hatari, nami nataka lisomwe kwa makini. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma kwelikweli. Watu huingiza mbabula chumbani. Usifanye hivyo kamwe, iwe kwa yoga au kwa kulala. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaleta usingizi mtamu, kichwa kinauma kidogo, kisha inaua. Aliyelala sakafuni amefumba macho hatagundua. Pasha mwili kwa blanketi, soksi, kofia, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwenye kitambaa na kuwekwa miguuni. Mbabula ibaki nje.

Wengine wasijianzie bila kuuliza. Mjamzito aliyepita miezi mitatu ya kwanza asilale chali kwa muda mrefu, kwa sababu mimba inaweza kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Alale kwa ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, kikwembe kilichoviringishwa kikiwa mbele ya tumbo. Na huo ni mmoja wa mikao mizuri kuliko yote, hata kwa asiye na mimba. Mwenye moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri asipandishe miguu kabla daktari hajamruhusu. Mwenye presha ya macho asiweke kichwa chini ya kifua. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao hapa kwetu unazigusa familia nyingi, ajifunike vizuri na anywe maji kabla, kwa maana baridi na kukauka mwili vinaweza kumletea maumivu. Mguu uliovimba ghafla, mmoja tu, wenye joto na maumivu, haupandishwi kitini. Huo unapelekwa hospitali siku hiyohiyo, Sendwe au kwingine karibu nawe. Na mwenye homa akapimwe malaria, yoga ingoje.

Kwa walio wazima, ishara za kutoka kwenye mkao ni chache: ganzi, kuchomwachomwa, maumivu makali, kizunguzungu. Kuvutwa kidogo si tatizo, lakini katika mtindo huu hata kuvutwa kunapaswa kuwa kudogo. Kama unasikia kazi, ongeza kikwembe.

Wapo watakaouliza kama hii ni dini ya watu wengine. Swali ni la haki, na mji wetu ni wa watu wa sala. Yoga ilizaliwa ndani ya mila za dini za India, na katika nchi yake wengi wanaifanya kwa imani. Kulaza miguu juu ya kiti na kupumua polepole hakukuombi utamke jina la mungu yeyote wala kuinamia sanamu. Ukitaka, katika dakika zile kumi sali rozari yako kimoyomoyo, au rudia mstari wa zaburi unaoupenda, neno moja kwa kila pumzi. Na kama moyo wako bado unasita, zungumza na padri au mchungaji wako kwanza, umweleze hasa unachofanya. Mtu anayejificha hapumziki.

Swali gumu zaidi kwa wanawake ni jingine: nani atamwelewa mama aliyelala sakafuni saa moja na nusu jioni? Ataambiwa mvivu. Watoto watadhani anaumwa. Naona ni vyema kusema wazi kabla ya kulala: "Napumzisha mgongo, dakika kumi, msiniite." Mara ya kwanza wataita. Mara ya nne watazoea, na mmoja atakuja kulala kando na miguu yake midogo juu ya kigoda. Mwache.

Matarajio yawe ya kweli. Yoga hii haipunguzi unene, haijengi misuli, na haichukui nafasi ya dawa ya presha wala ya sukari. Endelea na vidonge vyako. Inachosaidia ni usingizi, wasiwasi, na kiuno kinachouma kwa muda mrefu. Kuhusu kiuno, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya kukimbilia vidonge. Hapo ilitajwa yoga kwa ujumla, pamoja na ile ya kusogea. Ndiyo maana baada ya wiki sita au nane za kupumzika, mwenye kiuno aongeze miondoko michache ya kuimarisha mgongo na tumbo. Atakuwa ameshajua pumzi yake ilipo, na hataumia kwa pupa.

Kuinuka nako kuna namna yake. Usiketi ghafla ukiwa chali. Damu haijajipanga na kichwa kitazunguka. Kunja magoti, jiviringishe kwa ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi tano, kisha sukuma sakafu kwa mikono, kichwa kiwe cha mwisho kuja juu.

Njia rahisi ya kudumu nayo ni kutokuwa peke yako. Akina mama wengi wa mtaa tayari wanakutana kila wiki kwenye likelemba yao, chama cha kuchangiana pesa. Viti vipo, vikwembe vipo, na uaminifu upo. Kabla ya kuhesabu pesa, tandikeni chini, kila mtu miguu juu ya kiti chake, dakika kumi. Mmoja abaki amekaa, ashike saa na kuangalia mlango na watoto. Wiki inayofuata zamu yake ya kulala inafika, na saa inashikwa na mwingine.